John Hammond

John Hammond (Briston, Norfolk, 23 Februari 1889 – Cambridge, 25 Agosti 1964) alikuwa mwanafiziolojia kutoka Uingereza aliyechunguza uzazi na ukuaji wa mifugo. Ni mmoja wa waanzilishi wa uhimilishaji wa ng'ombe nchini humo.

Maisha

Alikuwa mtoto wa mkulima. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akafanya kazi huko karibu maisha yake yote. Mwaka 1933 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na mwaka 1960 alipewa cheo cha Sir.

Kazi

Mwaka 1927 alitoa kitabu kuhusu fiziolojia ya uzazi wa ng'ombe. Ng'ombe jike huingia kwenye joto takriban kila siku 21, na dalili zake kwa kawaida hudumu chini ya siku moja. Yai hutoka kwenye ovari saa kadhaa baada ya dalili kwisha. Fahali hutambua wakati huo mwenyewe, lakini katika uhimilishaji ni mfugaji anayepaswa kumwona jike akisimama tulivu anapopandwa na wenzake. Akikosa dalili hiyo, husubiri wiki tatu nyingine, na maziwa huchelewa.

Mwaka 1938, pamoja na Arthur Walton, alieleza matokeo ya kuchanganya farasi wakubwa wa Shire na wadogo wa Shetland kwa uhimilishaji. Ukubwa wa mtoto wakati wa kuzaliwa ulimfuata mama.

Mwaka 1942 alishiriki kuanzisha kituo cha uhimilishaji wa ng'ombe mjini Cambridge.