Daniel O'Connell na Kiapo Alichokikataa

Mwezi huu tutazame maisha ya mtu ambaye hakuwa wa Kanisa letu, lakini ametuachia fundisho.

Daniel O'Connell alizaliwa Kerry, Ireland, mwaka 1775, katika ukoo wa Wakatoliki. Siku zile dini ya mtu ndiyo iliyompa cheo au kumnyima. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1673 ilimtaka mwenye kazi ya serikali ashiriki Meza ya Bwana katika Kanisa la Uingereza. Sheria ya mwaka 1678 ilimtaka kila mbunge aikane Misa. Hivyo Ushirika Mtakatifu ukafanywa cheti cha kuombea kazi, na wengine walipiga magoti kwa ajili ya mshahara, si kwa toba.

O'Connell akawa wakili mwaka 1798. Alisifika sana mahakamani, lakini kwa sababu ya dini yake alinyimwa daraja la juu la mawakili. Hakuwa mtu asiye na doa: mwaka 1815 alimwua mtu katika pambano la bastola, akalijutia jambo hilo maisha yake yote.

Mwaka 1823 alianzisha chama cha kudai haki za Wakatoliki, na maskini wakakichangia peni moja kila mwezi. Mwaka 1828 akagombea ubunge Clare, akapata kura 2,057 dhidi ya 982. Serikali ikaogopa vita, na mwaka 1829 sheria mpya ikawafungulia Wakatoliki mlango wa Bunge. Lakini wakulima wengi maskini waliompigia kura walinyang'anywa haki ya kupiga kura wakati huo huo.

Yeye mwenyewe aliambiwa aape kiapo cha zamani, kwa kuwa alichaguliwa kabla ya sheria hiyo. Alikisoma, akakataa kuapa jambo aliloamini si kweli, akatoka. Clare wakamchagua tena bila kupingwa.

Baadaye aliwatetea Wayahudi pia, akaupinga utumwa. Alifariki Genoa mwaka 1847, akiwa njiani kwenda Roma.

Ndugu zangu, ni nani aliyeiheshimu zaidi Meza ya Bwana: aliyeikaribia ili apate cheo, au aliyekosa cheo kwa kukataa kusema uongo? Tunapochagua viongozi tupime uaminifu wao, na Meza tuwaachie wenye njaa ya Mungu.