Shaaban Robert: Karani aliyeitundika nchi angani

KISWAHILI kina mashtaka mazito hapa Kampala. Watu wa rika la wazazi wangu hukiita lugha ya kambini na ya vizuizi vya barabarani. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na waliyoyaona enzi hizo hawajayasahau.

Mimi nilikipata kwa njia nyingine. Wazazi wangu walikimbilia Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikasomea huko, na vitabu vyangu vya darasani vilikuwa vya Shaaban Robert. Siku hizi mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa nyumbani. Mzazi akiniuliza kwa nini mwanawe ajifunze lugha ya bunduki, sibishani naye. Humsimulia maisha ya mtu huyu.

Shaaban Robert alizaliwa Januari 1, 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Jina la Robert lisimtatize msomaji, alikuwa Mwislamu. Ukoo wake ulikuwa na asili ya Wayao, lakini yeye alijihesabu Mswahili.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, na masomo yake ya shule yakaishia hapo. Hakuingia chuo kikuu chochote. Mwaka huo huo wa 1926 aliajiriwa karani katika idara ya forodha, akaitumikia hadi 1944. Baadaye alihamia idara ya wanyamapori, kisha ofisi ya Jimbo la Tanga, na mwisho idara ya upimaji ardhi.

Kwa hiyo mtu tunayemwita gwiji wa fasihi alikuwa mtumishi wa ngazi ya chini, akinakili barua za wakubwa wa kikoloni mchana na kuandika mambo yake baada ya kazi. Alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, ili wawe na mawaidha ya baba. Aliandika pia wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar aliyetoka katika umaskini.

Kitabu ninachokipenda zaidi ni Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951. Nchi ya Kusadikika haiko duniani. Inaelea angani, na wananchi wake wako chini ya mfalme na mawaziri wasiopenda kuulizwa swali.

Kijana Karama anashtakiwa kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Anayemshtaki ni waziri Majivuno. Karama anajitetea kwa siku sita, na kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa mbali kutafuta manufaa ya nchi, mmoja wao hadi mbinguni na mwingine hadi ardhini. Kila mjumbe alirudi na jambo jema, na kila mmoja akatupwa gerezani. Mwishoni Karama anaachiliwa, na wajumbe wale wanafunguliwa.

Mwaka huo huo wa 1951, huko Marekani, Isaac Asimov alitoa kitabu chake Foundation. Ni kimoja katika mfululizo wa riwaya zinazosimulia historia ya zama zijazo, wakati dola moja inatawala mamilioni ya sayari. Nayo inaanza na kesi: mtaalamu Hari Seldon anashtakiwa kwa kuwa elimu yake imemwonyesha kwamba dola hiyo itaanguka. Watu wake wanapelekwa uhamishoni katika sayari ya pembezoni kabisa.

Waandishi hao wawili, kila mmoja upande wake wa dunia, walipeleka kesi ya elimu mbali na ardhi hii. Lakini Asimov alikuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Boston na raia wa nchi huru. Shaaban alikuwa karani Mwafrika chini ya Mwingereza. Kuisema serikali waziwazi kungeitia hatarini kazi iliyomlisha. Akaitundika nchi yake angani, mkoloni asione mpaka wala bendera ya kumshtakia, lakini msomaji wa Tanganyika ajue ni wapi panapozungumzwa.

Kejeli ya mambo ni kwamba Waingereza hao hao walimtunuku nishani ya MBE.

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961. Shaaban aliuona kwa miezi michache tu, kwani aliaga dunia Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Kufikirika, riwaya ya nchi nyingine ya kubuni, ilichapishwa mwaka 1967, yeye akiwa kaburini. Utubora Mkulima ikafuata mwaka 1968.

Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, amri haiondoi hofu moyoni mwa mtu aliyewahi kuamriwa kwa lugha hiyo alale kifudifudi barabarani. Hofu hiyo ni ya kweli, nami siidharau.

Ninachosema ni kwamba aliyebeba bunduki hakuwa mwenye lugha peke yake. Karani wa Tanga aliitumia lugha hiyo hiyo kudai kwamba hakuna mtu afungwe bila kusikilizwa. Karama alipewa siku sita za kujitetea. Watoto wa Kampala wakipewa hata kitabu kimoja cha Shaaban Robert, Kiswahili nacho kitakuwa kimesikilizwa kabla ya kuhukumiwa.