Daktari Ogino na hesabu ya siku za hatari

Kyusaku Ogino alizaliwa Japani mwaka 1882. Alisomea udaktari Tokyo, kisha akahamia mji wa Niigata kutibu magonjwa ya wanawake. Kila aliyemfanyia upasuaji wa tumbo alimwuliza tarehe za hedhi yake, halafu akazilinganisha na hali aliyoikuta kwenye ovari.

Wenzake walihesabu kwenda mbele kuanzia hedhi iliyopita. Mwaka 1924 Ogino alieleza kwamba yai hutoka siku 12 hadi 16 kabla ya hedhi inayofuata. Ugumu ndio huo, mama: hedhi inayofuata hujaiona bado. Ikiwahi, siku uliyodhani ni salama kumbe ilikuwa ya hatari. Tena mbegu za kiume huweza kuishi mwilini mwako hadi siku 5 zikilisubiri yai. Na kwa kuwa yai hutangulia hedhi, mama aliyejifungua anaweza kushika mimba hata kabla hajaona hedhi.

Ogino alitaka kuwasaidia wanaotafuta mtoto. Wengine waliifanya hesabu yake kuwa njia ya kuzuia mimba, wakaipa jina lake. Yeye hakukubaliana nao, kwa sababu ilishindwa mara nyingi. Alifariki mwaka 1975.

Leo kondomu ikipasuka, usikae kuhesabu siku. Vidonge vya dharura humezwa mapema iwezekanavyo, na kitanzi cha shaba huwekwa ndani ya siku 5. Hedhi ikichelewa, pima mkojo. Zikipita wiki 3 tangu tendo, jibu huwa la kuaminika.