Buddy Edelen: Mwanariadha wa Minneapolis aliyeimaliza Tokyo kwa maumivu

Mbio za marathon za Olimpiki zilizofanyika Tokyo Oktoba 21, 1964 hukumbukwa zaidi kwa ushindi wa Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyetwaa nishani ya dhahabu kabla ya kutimia wiki 6 tangu afanyiwe upasuaji wa kidole tumbo.

Dakika 6 baada yake aliingia uwanjani Mmarekani aliyeshika nafasi ya 6. Wengi hawakumtazama mara mbili. Lakini Leonard Edelen, aliyejulikana kwa jina la Buddy, naye alikuwa amepigana na mwili wake kwa kilomita 42.

Edelen alizaliwa Septemba 22, 1937 huko Harrodsburg, katika jimbo la Kentucky, na kusoma sekondari Sioux Falls, South Dakota. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Minnesota, mjini Minneapolis, kando ya mto Mississippi. Hapo ndipo jina lake lilipoanza kuvuma katika mbio za nyika na za uwanjani za vyuo vikuu.

Minneapolis na mji pacha wake, Saint Paul, ni miongoni mwa miji yenye baridi kali kuliko mingi nchini Marekani. Theluji hutanda kwa miezi kadhaa, na mkimbiaji anayetaka kufanya mazoezi kila siku hana budi kuvumilia barafu na upepo.

Mwalimu mkimbiaji

Wakati huo Marekani haikuwa na mashindano mengi ya barabarani, na mbio ndefu hazikumpa mtu riziki. Edelen akahamia Uingereza, akapata kazi ya ualimu katika eneo la Essex. Alikimbia kwenda shuleni asubuhi na kurudi nyumbani jioni, na katika majuma mengine alipita kilomita 200.

Kocha wake, Fred Wilt, alikuwa ng'ambo ya bahari. Wilt, aliyewahi kushiriki Olimpiki mara mbili na aliyekuwa afisa wa shirika la upelelezi la Marekani, FBI, alimwandikia mazoezi kwa barua. Edelen naye alimjibu kwa kumweleza jinsi mwili ulivyopokea kila zoezi.

Juhudi hizo zilizaa matunda Juni 15, 1963. Katika mbio za Polytechnic, zilizoanzia Windsor na kumalizikia London, Edelen alitumia saa 2, dakika 14 na sekunde 28. Ulikuwa muda bora zaidi duniani, na hakuna Mmarekani aliyekuwa ameweka rekodi hiyo tangu miaka ya 1920. Oktoba mwaka huo huo alishinda pia marathon ya Kosice, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia.

Joto la Yonkers

Mei 24, 1964, Edelen alirejea Marekani kuwania nafasi katika timu ya Olimpiki. Mbio hizo zilifanyika Yonkers, karibu na New York, katika joto la nyuzi 33 hivi za Selsiasi. Wengi walishindwa kumaliza. Edelen, aliyekuwa amejizoeza kwa kuvaa nguo nyingi ili azoee joto, alimwacha aliyemfuata kwa takriban dakika 20.

Kwa ushindi huo alihesabiwa miongoni mwa waliotazamiwa kupata nishani Tokyo. Hata hivyo, katika miezi iliyofuata mgongo ulianza kumsumbua. Mshipa wa fahamu unaotoka chini ya uti wa mgongo na kupita nyuma ya paja ulileta maumivu yaliyoteremka mguuni. Kwa mkimbiaji, ugonjwa huo ni adui mbaya, kwani kila hatua inayopaswa kumsukuma mbele huamsha maumivu upya. Mazoezi aliyoyajenga kwa miaka yakavurugika.

Angeweza kujitoa, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alisimama kwenye mstari wa kuanzia pamoja na wakimbiaji zaidi ya 60. Bikila alijitenga mapema na kuweka muda mpya wa dunia wa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Edelen hakuwa na mguu wa kumfuata, lakini hakusimama. Alimaliza kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 12, na kumtangulia mwenzake Billy Mills, aliyekuwa ametwaa dhahabu ya mita 10,000 wiki moja kabla na sasa akamaliza wa 14.

Nafasi hiyo ya 6 ndiyo iliyokuwa bora zaidi kwa Mmarekani katika marathon ya Olimpiki tangu mwaka 1928. Kwa Edelen, lakini, ulikuwa mwisho wa safari. Maumivu hayakumwacha, na hakurejea tena katika kiwango chake cha 1963.

Njia aliyowaachia wengine

Baadaye alifundisha saikolojia katika chuo cha Adams State, mjini Alamosa, Colorado, ulioko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Mexico City. Alisaidia kufanikisha mbio za mchujo wa Olimpiki za 1968 zifanyike huko. Mmoja wa watatu waliofuzu alikuwa Ron Daws, mkazi wa Minneapolis aliyepitia Chuo Kikuu cha Minnesota kama yeye bila kuwa nyota.

Mjini Mexico City, Daws alimaliza wa 22. Katika mbio hizo hizo Bikila alilazimika kujitoa kwa jeraha la mguu, naye John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyeanguka na kuumia goti, aliingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Ujasiri peke yake haumfikishi mtu mwishoni. Lazima mwili nao ukubali, hata kama ni kwa shingo upande.

Edelen alifariki dunia Februari 1997 kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na umri wa miaka 59. Tangu mwaka 1982 Minneapolis na Saint Paul zina marathon yao, inayoanzia mji mmoja na kumalizikia mwingine, na Waafrika Mashariki wengi wamewahi kuishinda.

Rekodi ya Edelen ilidumu mwaka mmoja tu. Nafasi ya 6 ya Tokyo haikumpatia nishani, lakini ilimgharimu zaidi ya ushindi wowote aliowahi kupata.