Mohamed Amin: Kutoka kamera ya kisanduku hadi picha zilizoitikisa dunia

Mohamed Amin, mpiga picha wa Kenya aliyeifumbua macho dunia kuhusu njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alijifunza kazi hiyo kwa kamera ya mtumba aina ya Box Brownie. Alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943, mtoto wa mwashi wa reli aliyetoka Punjab, na akakulia Dar es Salaam.

Box Brownie ilikuwa kisanduku chenye lenzi moja isiyobadilishwa. Aina zake nyingi zilipiga picha nane tu kwa kila filamu. Aliyeitumia alipaswa kutegemea mwanga wa jua, kupima umbali kwa hatua zake na kufikiri mara mbili kabla ya kubonyeza, kwani kila picha iliyoharibika ilikuwa hasara. Kwa kijana asiye na fedha, hiyo ilikuwa shule tosha.

Mwaka 1963 alianzisha kampuni ya Camerapix mjini Dar es Salaam, na mwaka uliofuata akapiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 1966 alitiwa gerezani visiwani humo kwa wiki kadhaa. Baadaye akahamishia shughuli zake Nairobi. Tom Mboya alipopigwa risasi Julai 5, 1969, Amin alikuwa miongoni mwa waliofika mapema, na filamu yake ikampatia tuzo nchini Uingereza.

Oktoba 1984 alifika Korem, Ethiopia, pamoja na mwandishi wa BBC, Michael Buerk. Picha zao zilipotangazwa Oktoba 23, misaada ilianza kumiminika, na Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid katika miji ya London na Philadelphia.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Fundi wake wa sauti, John Mathai, aliuawa, naye Amin akapoteza mkono wa kushoto. Wengi wangestaafu, yeye alirejea kazini kwa mkono wa bandia.

Alifariki Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara ilipoishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Komoro. Hazina yake ya picha ingali inatunzwa na Camerapix, chini ya mwanawe, Salim.