Amfungaye Mnyama Ana Deni

Mwaka mmoja, msimu wa mvua ndefu, wanafunzi wangu hapa Boito waliniletea chupa ya jamu iliyojaa sisimizi. Walikuwa wamewachimbua kandokando ya shamba la majani chai, wakawatilia udongo na chembe za sukari, kisha wakakitoboa kifuniko ili hewa ipite. Niliwasifu kwa bidii yao, nikaiweka chupa dirishani. Tulipofunga shule kwa likizo fupi hapana aliyeikumbuka. Tuliporejea, sisimizi wote walikuwa wamekufa. Mtoto mmoja akaniuliza kosa lilikuwa la nani, nami nikajifanya sikumsikia.

Swali hilo lilinirudia mwaka 2025, vijana wawili kutoka Ubelgiji walipokamatwa mjini Naivasha wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000, waliotiwa katika vijichupa vyenye pamba ili wauzwe ng'ambo kwa watu wanaowafuga kwa burudani. Mwezi Mei mahakama iliwatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni moja. Wengi walicheka, wakiuliza tangu lini sisimizi akawa mali ya taifa. Mimi sikucheka. Nilikumbuka kwamba katika Naivasha hiyo hiyo, ukingoni mwa ziwa, ipo nyumba iitwayo Elsamere, iliyokuwa makao ya Joy Adamson. Maisha ya mama huyo, msomaji mpenzi, yanalijibu swali la mwanafunzi wangu kuliko nilivyoweza mimi.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya milki ya Austria na Hungaria, akapewa jina la Friederike Victoria Gessner. Alifika Kenya mwaka 1937. Jina la Joy alipewa na mume wake wa pili, Peter Bally, aliyekuwa mtaalamu wa mimea. Alijifunza kuchora maua ya nchi hii, kisha akazunguka huku na huku akichora picha za watu wa makabila yetu katika mavazi yao ya jadi. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, askari wa wanyamapori katika wilaya za kaskazini.

Februari 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia. Baadaye akatambua kwamba simba yule alikuwa akiwalinda watoto wake watatu, wote wa kike. Aliwachukua, naye Joy akawalea kwa maziwa. Walipokuwa wakubwa mno kwa nyumba, wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mdogo wao, Elsa, akabaki.

Hapo ndipo Joy alipotenda jambo ambalo wengi wakati huo waliliona kuwa ndoto. Alikataa kumfanya Elsa kuwa pambo la maisha yake yote. Jaribio la kwanza la kumwachilia, katika sehemu za Mara zisizo mbali sana na kwetu, lilishindikana, kwani Elsa aliugua. Wakamhamishia Meru. Huko walimfundisha kuwinda, kazi iliyotaka subira ya miezi mingi. Hatimaye Elsa alijitegemea, akapata dume porini, na Desemba 1959 akazaa watoto watatu. Kitabu cha Joy juu ya habari hizo kilitoka mwaka 1960, kikasomwa duniani kote, na fedha nyingi alizopata alizitoa kwa ajili ya kuwahifadhi wanyama.

Hata hivyo, tusimsifu tukafumba macho. Elsa alipokufa kwa maradhi Januari 1961, watoto wake walianza kuvamia mifugo ya wanavijiji. Ilibidi wategwe na kuhamishiwa Serengeti. Uhuru wa simba wale, basi, ulilipiwa pia kwa mbuzi wa watu ambao hawakuulizwa lolote. Nao wale dada wawili wa Elsa hawakufundishwa kuwinda, wala hawakuiona tena nchi waliyozaliwa. Mama yao alikuwa mmoja, na mkono uliowanywesha maziwa ulikuwa mmoja. Mmoja akapata pori, wawili wakapata kizimba.

Joy aliendelea na kazi hiyo kwa duma aitwaye Pippa, kisha kwa chui aitwaye Penny. Tarehe 3 Januari 1980 aliuawa huko Shaba, na aliyekuwa mfanyakazi wake akapatikana na hatia. Majivu ya mwili wake yalinyunyizwa Meru, kwenye makaburi ya Elsa na Pippa.

Funzo ninalolipata ni hili: amfungaye mnyama huingia katika deni, na deni hilo halilipwi kwa mapenzi. Joy aliwapenda wote watatu, lakini alimlipa Elsa peke yake, na malipo yenyewe yalikuwa kumrudishia maisha ambayo angeishi bila yeye.

Sasa tumrudie sisimizi. Wapo watakaosema kwamba ni mdogo mno kustahili mjadala huu. Lakini malkia wa sisimizi si mdudu mmoja tu. Ndani yake umo mji mzima ambao haujazaliwa, wenye maelfu ya vibarua wa kukusanya mbegu na kuupitisha hewa udongo. Ukimtia katika kijichupa na kumpeleka Ulaya, hapana atakayemfundisha kurudi, na akiachiliwa huko ugenini huenda akawadhuru viumbe wa huko. Deni lake halilipiki, na deni lisilolipika lisikopwe.

Walimu wenzangu, sisemi tuwakataze watoto kuchunguza. Mtoto asiyemtazama sisimizi kwa karibu hatamhurumia ndovu. Ninasema tuwapeleke kwenye shimo la sisimizi na daftari zao, wakae kimya, watazame. Ikiwa ni lazima kuwaleta darasani, wawe wachache, na warudishwe walikotolewa kabla ya jua kutua, na mwalimu ahakikishe kwa macho yake.

Mtoto yule sasa ameshamaliza shule. Nikimwona nitampa jibu lake: kosa lilikuwa langu, kwa kuwa niliipokea chupa bila kuuliza itafunguliwa lini.