Frank Hornby: aliwafunza watoto kujijengea, kisha akawauzia treni tayari

Wanaosema Kifaransa wanajua neno Meccano: vile vipande vya chuma vyenye matundu, ambavyo mtoto anaviunganisha kwa bolti na nati mpaka vinakuwa daraja ao gari. Aliyevianzisha ni Frank Hornby, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, tarehe 15 Mei 1863. Jina lake liko pia kwenye treni za kuchezea, na hapo ndipo kuna mambo.

Hornby hakusomea ufundi. Aliacha masomo akiwa na miaka 16, akashika hesabu katika biashara ya vyakula ya baba yake. Kisha kifo cha baba yake, akaajiriwa kuandika hesabu kwa David Hugh Elliott, aliyekuwa akiingiza nyama kutoka inchi za ngambo.

Jioni alikuwa akiwakatia watoto wake, Roland na Douglas, vipande vya bati vya kujenga madaraja na mashini za kuinulia mizigo. Kila mchezo mpya ulidai vipande vipya, na kazi hiyo ilichosha. Akapata wazo la kutoboa matundu yenye umbali sawa katika vipande vyote, ili kipande cha daraja leo kiwe cha gari kesho. Januari 1901 aliandikisha uvumbuzi huo kwa serikali, kwa pauni 5 alizokopeshwa na Elliott. Jina Meccano lilikuja mwaka wa 1907, na mwaka wa 1914 kiwanda kikubwa kilisimama Binns Road, Liverpool.

Wakati huo treni nzuri za kuchezea zilitoka Ujerumani, kwa Märklin na Bing. Mwenye kutaka kitu kinachofanana kabisa na treni ya kweli alijitengenezea mwenyewe: alikata shaba ya njano, akapiga tupa, akalehemu, miezi na miezi. Ao alimlipa fundi, na bei ilikuwa ya matajiri. Vita vya 1914-1918 vilifunga njia ya bidhaa za Wajerumani, na hata kisha vita Waingereza wengi hawakuzitaka tena. Hornby akaona nafasi.

Treni yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1920. Iliendeshwa na springi inayotiwa ufunguo kama saa, na reli zake zilikuwa na upana wa milimita 32. Lakini tuangalie namna ilivyounganishwa: kwa bolti na nati, sawa na Meccano. Ilikuja imekamilika, lakini mtoto aliweza kuifungua yote na kuijenga upya. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo treni iliyo karibu zaidi na roho ya mtu yule.

Hazikudumu hivyo. Katika miaka ya 1920 bolti zilianza kuondolewa, zikafuatwa na bati linalokunjwa kwa mashini, lenye vijilimi vinavyoingia katika tundu na kulazwa. Kazi ilienda mbio, bei ikawafikia wazazi wengi. Kasoro yake ilionekana kwa macho. Reli zilikunjwa sana ili zienee katika chumba, kwa hiyo injini nyingi zilikuwa fupi, za magurudumu 4 ya kuendesha, na umbo moja lilipakwa rangi za makampuni mbalimbali ya reli. Mafundi wa mikono waliona mara moja kwamba treni hizo hazikufanana na zile za kweli. Lakini haingefaa kumlaumu Hornby sana: treni zake zilitembea, na zilivumilia mikono ya mtoto, jambo ambalo kazi ya fundi mara nyingi haiwezi.

Mwaka wa 1931 alichaguliwa mbunge wa Everton, na alikaa bungeni mpaka 1935. Alifariki tarehe 21 Septemba 1936, akiwa tajiri.

Mwaka uliofuata kiwanda chake kilitoa injini ya Princess Elizabeth, iliyofuata kwa uangalifu umbo la injini ya kweli yenye jina hilo. Bei yake ilikuwa pauni 5 na shilingi 5, zaidi ya deni lile la kwanza kwa Elliott. Mwaka wa 1938 zikafuata treni ndogo za Hornby Dublo, za reli za milimita 16.5.

Adui wa kazi ya kiwanda alikuwa amejificha ndani ya chuma. Magurudumu mengi ya miaka ya 1930 yalimiminwa kwa mchanganyiko wa zinki, na pale risasi kidogo ilipoingia, chuma kilivimba kwa miaka, kikapasuka, kikaanguka vipandevipande. Leo wakusanyaji wanaokota magurudumu yaliyovunjika chini ya treni ambazo bati na rangi yake bado vinang'aa, kisha wanatafuta mtu wa kuwatengenezea mengine. Binns Road yenyewe ilifungwa mwaka wa 1979.